Ugonjwa wa Parkinson: Mwendo na Fikra katika Shughuli za Kila Siku

Ugonjwa wa Parkinson, uliopewa jina la tabibu wa London aliyeueleza mwaka 1817, hutokana na kufa polepole kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini. Kemikali hii huuwezesha mwili kutekeleza miendo iliyozoeleka bila kuifikiria. Inapopungua, mgonjwa hutetemeka, misuli hukakamaa na mwendo huwa mzito.

Lisilofahamika vya kutosha ni kwamba fikra nazo huathirika. Mgonjwa anaweza kukumbuka mengi, lakini akashindwa kupanga hatua za kazi au kuzingatia mambo mawili kwa pamoja.

Hapo ndipo matatizo haya hukutana. Kutembea, ambako zamani hakukuhitaji kufikiriwa, sasa kunadai umakini. Mama wa Sikonge atokaye kisimani na ndoo kichwani, akisimama kuitikia salamu, hana shida. Akiitikia huku anatembea, miguu yaweza kuganda naye akaanguka. Mkulima anayepanga majani ya tumbaku kwa madaraja hukwama njiani, ingawa mikono ingali na nguvu. Jamaa hudhani ni uvivu, uzee au kurogwa. Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa wengi wa wagonjwa waliopatikana hawakuwa wametambuliwa kabla.

Kwa mgonjwa na familia

Fanyeni jambo moja kwa wakati mmoja. Miguu ikiganda mlangoni, msimvute mgonjwa. Asimame, ahesabu, kisha avuke mstari uliochorwa sakafuni. Mpeni maelekezo mafupi na muda wa kujibu. Mrina asali asipande tena mtini kukagua mizinga. Levodopa inywewe saa zilezile, yapata nusu saa kabla ya mlo, kwani maharage na nyama huweza kupunguza ufyonzwaji wake, isikatishwe ghafla.

Kwa mhudumu wa afya

Metoklopramidi na haloperidoli huzidisha ugonjwa huu, na huweza kuleta dalili zinazofanana nao kwa asiyeugua, ziepukwe. Mgonjwa akichanganyikiwa ghafla, msidhani ni Parkinson pekee: mpimeni malaria na maambukizi ya mkojo, mkague na dawa anazotumia. Ulizeni pia kuhusu huzuni ya muda mrefu, maana hutibika.

Ugonjwa huu hauponi, lakini kuanguka kwingi kwaweza kuzuiwa.