Kansa ya koo: usikose siku ya mionzi



Mionzi inaua chembe za kansa ya kinywa ao ya koo kidogo kidogo. Lakini siku za kupumzika, zile zinazobaki zinazaana tena. Wanganga walijaribu hivi kwa wagonjwa 900 wa inchi mbalimbali, Afrika pia: kipimo kilekile, wengine mara 5 kwa juma, wengine mara 6. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010. Baada ya miaka 5, kansa ilizuiwa kwa wagonjwa 30 juu ya 100 katika kundi la kwanza, na 42 katika la pili, ingawa vidonda vya kinywa vilizidi.

Basi mgonjwa asikose siku yake. Na kidonda cha kinywa ao sauti iliyokauka ikipita majuma 3, usingoje: ona munganga.