Makinikia ya Bulyanhulu yalivyokwama bandarini

Kakola, mji mdogo uliokua kando ya mgodi wa Bulyanhulu, hauna bahari. Hata Ziwa Victoria liko umbali wa kilomita kama 55. Lakini riziki ya wakazi wake ilitikiswa kutoka bandari ya Dar es Salaam Machi 2017, Serikali ilipopiga marufuku kusafirisha makinikia nje ya nchi.

Makinikia ni mchanga wenye dhahabu, shaba na fedha unaopatikana baada ya mwamba kusagwa na kuchujwa. Sehemu ya dhahabu ya Bulyanhulu imeshikana na shaba, hivyo huhitaji mtambo mkubwa wa kuyeyushia, ambao Tanzania haikuwa nao. Ndiyo maana makontena yalipakiwa melini kwenda Asia na Ulaya.

Ubishi ulihusu kilichomo ndani. Mei 2017 kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma, iliyochunguza makontena 277 yaliyozuiwa, ilisema dhahabu ni nyingi mno kuliko ilivyoandikwa kwenye nyaraka. Kampuni ya Acacia, iliyoendesha mgodi wakati huo, ilikana. Yeyote aliye sahihi, muuzaji anayetegemea vipimo vya mwenzake hana ubavu wa kupanga bei. Mkulima wa pamba wa Shinyanga, ambaye anazijua mizani zinazochezewa, haelezwi hilo mara mbili.

Serikali ilijibu kwa sheria. Mrabaha wa dhahabu ulipanda kutoka asilimia 4 hadi 6, na mwaka huohuo wa 2017 ikatungwa Sheria ya Wakala wa Meli iliyounda TASAC. Shirika hilo la umma lilipewa peke yake kazi ya uwakala wa forodha kwa madini na makinikia, iliyokuwa ikifanywa na mawakala binafsi. Kwa maneno mengine, Serikali ilitaka kuishika hati ya shehena kwa mkono wake.

Meli zenyewe ni jambo jingine. Nchi ina pwani ya zaidi ya kilomita 1,400 na kampuni ya ubia na China, Sinotaship, tangu mwaka 1967. Hata hivyo, sehemu kubwa ya shehena ya Dar es Salaam hubebwa na meli za wageni, na nauli huishia kwao.

Msimamo huo ulikuwa na gharama. Mwishoni mwa 2017 Acacia ilisimamisha uchimbaji wa chini ya ardhi Bulyanhulu na wafanyakazi wengi wakapunguzwa. Aliyekosa mshahara hanunui nyanya wala kuku wa mwanakijiji.

Suluhu ilitiwa saini Januari 2020 na Barrick, iliyokuwa imeichukua Acacia yote. Serikali ilipata asilimia 16 ya hisa za migodi, kampuni ya ubia ya Twiga Minerals na ahadi ya Dola milioni 300 za Marekani. Aprili makontena kama 1,600 yaliyolundikana tangu 2017 yalianza kusafirishwa. Mei zikalipwa Dola milioni 100 za kwanza. Mzigo ulikwenda kuyeyushwa ng'ambo, kama zamani.