Ufunguo wa mlango wa dharura anao nani?

Mwanzoni mwa muhula nilimsindikiza mpwa wangu kwenda kupanga chumba katika hosteli moja ya wanafunzi hapa Nairobi. Ni jengo la kibinafsi lenye orofa 6 na ngazi moja nyembamba, ambayo watu wawili wakipishana sharti mmoja ajibanze ukutani. Madirisha yote, hata yale ya juu kabisa, yametiwa vyuma. Mwishoni mwa kila ujia pana mlango wa pili, na juu ya mlango huo pana kibao cha kijani kinachoeleza kwa Kiingereza kwamba hiyo ndiyo njia ya kutokea moto ukizuka. Chini ya kibao lilining'inia kufuli. Nilimwuliza mtunzaji wa jengo ufunguo anao nani. Akanijibu kwa adabu zote, "Anao mwenye nyumba, mwalimu." Na mwenye nyumba yuko wapi? "Yuko Eldoret."

Sisi tunaofundisha isimu huwaambia wanafunzi wetu kwamba maana ya neno haikai katika herufi zake bali katika matumizi yake. Kibao kile kilikuwa kikisema jambo, nalo kufuli likilikanusha. Na katika ubishi wa namna hiyo kufuli ndilo hushinda. Laiti jambo lenyewe lingekuwa la nadharia tu!

Nchi hii imekwisha kulipa gharama ya kufuli za aina hiyo. Mnamo Machi 1998 wasichana 26 waliteketea katika bweni la shule ya upili ya Bombolulu, wilayani Kwale. Miaka mitatu baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, wavulana 67 wa shule ya Kyanguli, Machakos, waliangamia katika bweni lililomwagiwa petroli. Bweni hilo lilikuwa na milango miwili, lakini mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma. Mnamo Septemba 2017 wasichana 10 walifariki katika Shule ya Wasichana ya Moi, Nairobi. Septemba 2024, huko Endarasha, Nyeri, tulizika wavulana 21 wa shule ya msingi. Kila mara tuliunda tume au kamati, tukaomboleza, kisha tukarudi darasani.

Wala haitupasi kusema kwamba kanuni hazipo. Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni ambao Wizara ya Elimu iliutoa mwaka 2008 unasema bayana kwamba bweni liwe na mlango kila upande na mwingine wa dharura katikati. Kwamba milango iwe na upana wa futi 5 angalau na ifungukie nje. Kwamba isifungwe kwa nje wakati wowote wanafunzi wamo ndani. Na kwamba madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda paachwe mita 1.2. Ningependa kila mwalimu asomaye makala haya achukue futikamba jioni ya leo aingie nayo bwenini. Nina shaka kama atairudisha mfukoni akiwa na furaha.

Kanuni hizo ziliandikwa zaidi kwa ajili ya mabweni, na wengi wetu tunapolitaja bweni tunaliwazia jengo la chini. Siku hizi, hata hivyo, mtoto wa Kenya aghalabu husoma, hulala na baadaye hufanya kazi orofani. Shule za mijini zimepanda juu kwa sababu ardhi ni ghali, na hosteli zinazozunguka vyuo vikuu zimechomoza kama uyoga. Orofa hubadili hesabu yote ya kujiokoa. Aliye chini akifika dirishani huweza kuruka akaumia mguu. Aliye orofa ya nne hana la kufanya ila kutafuta ngazi, na ngazi hiyo ndiyo moshi nao unaitafuta.

Hapa nadhani ndipo ujinga wetu ulipo mkubwa. Twauogopa mwali, ilhali moshi ndio huua wengi, na huwafikia kabla ya mwali. Hewa yenye moto hupanda. Ikipata ngazi isiyo na mlango, ngazi hiyo hugeuka kuwa bomba la moshi lililosimama katikati ya jengo, na orofa za juu hujaa hewa ya sumu wakati waliomo katika zile za chini hawajahisi hata joto. Ndiyo maana katika majengo yaliyojengwa ipasavyo utakuta mlango mzito baina ya ujia na ngazi, wenye chuma cha kuurudisha ujifunge wenyewe. Mlango huo una kazi moja tu, kuuzuilia moshi nje ya ngazi kwa muda wa kutosha watu washuke. Katika ofisi nyingi nimeuona umezuiliwa wazi kwa jiwe au kwa kiti kibovu, ati watu wapate hewa. Hivyo ule upasao kufungika huachwa wazi, na ule upasao kufunguka hutiwa kufuli!

Lifti nayo haifai wakati huo, kwani umeme hukatika ikakwama njiani, na shimo inamopitia huvuta moshi kama ngazi zisizo na mlango. Aliyezingirwa na moshi hana budi kuinama au kutambaa, maana hewa iliyobaki safi iko karibu na sakafu. Kabla ya kufungua mlango wowote auguse kwanza kwa upande wa nyuma wa kiganja. Ukiwa na moto, asiufungue. Na kila mlango anaoupita aufunge nyuma yake. Mambo haya mtoto wa darasa la nne huweza kuyajifunza kwa nusu saa.

Kwa nini mlango ufungukie nje? Jawabu lake liliandikwa mjini Sunderland, Uingereza, tarehe 16 Juni 1883. Watoto waliokuwa wametazama maonyesho katika ukumbi wa Victoria Hall waliambiwa kwamba zawadi zinagawiwa kule chini. Wale wa roshani wakateremka ngazi mbio. Chini walikuta mlango unaofungukia ndani, tena umetiwa komeo ili apite mtoto mmoja mmoja. Waliotangulia walibanwa na waliofuata, na mlango haukuweza tena kuvutwa. Walikufa watoto 183, na hapakuwa na moto wowote. Kutokana na msiba huo Mwingereza Robert Alexander Briggs alibuni komeo la kusukuma, yaani ule ufito wa chuma uliolazwa mlangoni usawa wa kiuno, ambao mtu akiuegemea tu mlango hufunguka. Alilisajili mwaka 1892.

Mfano wa pili ni wa orofani hasa. Tarehe 25 Machi 1911, mjini New York, moto ulizuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle kilichokuwa katika orofa tatu za juu za jengo la orofa 10. Mlango mmoja wa kuendea ngazi ulikuwa umefungwa, kwa kuwa wenye kiwanda walitaka wafanyakazi wote watokee upande mmoja wapate kupekuliwa mikoba yao, wasije wakaiba kitambaa. Ngazi ya chuma iliyokuwa nje ya ukuta ilipinda ikaanguka na watu juu yake. Ngazi za wazimamoto zilifika orofa ya sita tu. Katika muda usiotimia nusu saa walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji, baadhi yao wakijirusha madirishani. Wenye kiwanda walishtakiwa, na Desemba ya mwaka huo huo wakaachiliwa. Hata hivyo jimbo la New York liliunda tume, na katika miaka michache iliyofuata likatunga sheria za kutaka milango ya viwanda isifungwe saa za kazi na wafanyakazi wafanyishwe mazoezi ya kujiokoa. Jengo lenyewe halikuanguka. Lingalipo hadi leo, nalo ni mali ya chuo kikuu. Wanafunzi husomea humo.

Nimetaja mazoezi, na hapa naomba ruhusa niingie katika shamba langu, yaani lugha. Mpango wa kujiokoa ni maneno kabla haujawa vitendo. Mtu huambiwa au husoma la kufanya, kisha hutenda. Katika jengo la Grenfell Tower mjini London, lenye orofa 24 na ngazi moja, moto ulianzia jikoni orofa ya nne usiku wa tarehe 14 Juni 2017 ukapanda kwa nje kupitia mabamba yaliyobandikwa ukutani. Wakazi walikuwa wameagizwa tangu zamani kwamba moto ukizuka katika nyumba ya jirani wao wabaki ndani mwao. Agizo hilo lilikuwa na mantiki katika jengo ambamo kuta zingeuzuia moto mahali ulipoanzia. Usiku ule kuta hazikuuzuia, lakini agizo halikubadilishwa hadi saa nane na dakika 47. Walikufa watu 72. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2019 ilisema kwamba lau watu wangeagizwa mapema zaidi watoke, wengi wangeokoka. Sentensi moja fupi, iliyokuwa sahihi jana, iliwaweka watu vyumbani.

Sasa tutazame sentensi zetu. Tangu Katiba ya 2010 Kiswahili ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, mbali ya kuwa lugha ya taifa, lakini vibao vya dharura katika majengo mengi ya Kenya bado vinasema Kiingereza peke yake. Mpishi, bawabu, mfagiaji, yaani wale wanaolifahamu jengo kuliko sisi sote, hatujali kama wamevifahamu. Hata pale tunapotafsiri, hutafsiri ovyo: nimewahi kuona mlango ulioandikwa TOKA, neno ambalo mgeni hulipokea kama tusi la kumfukuza. "Njia ya kutokea" lingetosha. Ile picha ya kijani ya mtu akimbiliaye mlangoni ni bora zaidi, maana haihitaji lugha. Ilibuniwa Japani katika miaka ya 1970, na ulimwengu ukaikubali katika mwongo uliofuata. Lakini nayo hufaa pale tu mtu alipofunzwa maana yake.

Kuna jambo jingine dogo linalonisumbua. Mtu akipiga simu aseme moto uko orofa ya tatu, ni ipi hiyo? Wapo wanaoanza kuhesabu chini kabisa, na wapo wanaoanza baada ya kupanda ngazi ya kwanza. Waulize wanafunzi wako darasani uone watakavyobishana. Mzimamoto hana nafasi ya ubishi huo. Nambari kubwa iliyopakwa ukutani penye ngazi ya kila orofa ingeukata, na rangi yake haigharimu kitu.

Nisije nikaonekana kwamba nawadharau wanaofunga milango. Mwalimu mkuu aliyekabidhiwa wasichana 800 huogopa wasitoroke usiku, huogopa pia wanaume wasiingie, na mzazi yule yule atakayelia moto ukizuka ndiye atakayemshtaki binti yake akitoroka. Wizi nao upo. Yule mtunzaji wa hosteli aliniambia, "Mwalimu, huo mlango ukilala wazi usiku mmoja tu, asubuhi utayakuta magodoro Gikomba." Simlaumu. Ila kufuli linawazuia walio ndani na walio nje pasipo kuwatofautisha, ilhali komeo la Briggs hutofautisha: wa nje hawezi kuingia, wa ndani husukuma akatoka. Ukitiwa king'ora kidogo mlangoni, kiranja na mwalimu wa zamu wataamka mtoro akiugusa. Chombo hicho kina umri wa zaidi ya miaka 130. Hatuwezi kusema hakijatufikia.

Na kama shule haina fedha za komeo hilo muhula huu, zipo hatua zisizohitaji fedha. Vyuma vya dirisha moja katika kila chumba vinaweza kuwekewa bawaba na kufungukia nje. Wanafunzi wanaweza kuamshwa saa nane usiku, si saa nne asubuhi kwenye gwaride, wakashuka ngazi gizani hali mwalimu akitazama saa yake, na majina yakaitwa uwanjani. Zoezi la mchana humfurahisha mkaguzi. Mabweni yetu yameungua usiku.

Majuma mawili baadaye nilipita tena kwenye ile hosteli kumpelekea mpwa wangu tochi na namba ya simu ya wazimamoto. Nilipanda hadi mwisho wa ujia kutazama ule mlango. Kufuli la zamani lilikuwa limeondolewa. Walikuwa wametia jipya, kubwa zaidi.