Mzazi hawezi tena kufika mjini, hisa zake je?

Mwaka 2008 Wakenya walipiga foleni kununua hisa za Safaricom kwa Sh5 kila moja. Wazazi wengi wa Jericho, Umoja na Buruburu walikuwamo. Leo magoti ya baadhi yao yamekataa kupanda matatu, na karatasi za hisa zimelala chini ya godoro.

Ufanyeje? Keti na mzazi, ndugu zako wote wakiwapo. Muulize kama anataka kuuza au kuweka. Hakikisheni anwani na akaunti ya benki aliyoandikisha ni ya sasa. Mgao wa faida usiodaiwa kwa muda mrefu, kwa sheria ya 2011, hupelekwa kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa. Haupotei, lakini kuudai kuna shughuli.

Akikubali, wakili atamwandikia hati ya uwakili ili uende kwa wakala wa hisa kwa niaba yake. Sharti aitie sahihi akili ikiwa timamu. Akifariki, hati hiyo hufa naye, na mambo huwa ya mirathi.

Kumbuka, kupewa hati si kurithishwa. Pesa hizo kwanza ni za dawa na maziwa yake.