St Andrews: Uwanja Uliochongwa na Upepo na Kondoo

Mcheza gofu wa Muthaiga, Nairobi, huzunguka mashimo 18 bila kujiuliza kwa nini yasiwe 20. Jibu liko Uskoti, kwenye ukanda mwembamba wa mchanga ulio kando ya Bahari ya Kaskazini, katika mji wa St Andrews.

Klabu ya hapo ilianzishwa mwaka 1754 na waungwana 22. Miaka kumi baadaye waliona mashimo manne ya mwanzo ni mafupi mno, wakayaunganisha yakawa mawili. Kwa kuwa walikwenda na kurudi kwa njia ile ile, mzunguko ulipungua kutoka mashimo 22 hadi 18. Hapakuwa na hesabu ya kitaalamu. Marekebisho ya wenyeji ndiyo yaliyogeuka kanuni ya dunia nzima. Mwaka 1834 Mfalme William IV aliipa klabu jina la Royal and Ancient.

Uwanja wenyewe, Old Course, hauna mbunifu mmoja. Upepo ulirundika vilima vya mchanga, nyasi zikaota juu yake. Banka, yaani mabonde ya mchanga yanayomeza mipira, inasemekana nyingi zilianza pale kondoo walipojibanza kukwepa baridi. Leo zimefika 112, na baadhi hazionekani kabisa kutoka anaposimama mpigaji. Iliyo maarufu zaidi, kwenye shimo la 14, inaitwa Hell, yaani Jehanamu. Mwaka 1995 ilimlazimu Jack Nicklaus, aliyekwisha kutwaa ubingwa wa mashindano makubwa ya gofu ya Open mara mbili katika uwanja huo huo, kupiga mara nne ndipo atoke.

Kingine kinachowashangaza wageni ni grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo. Saba kati yake ni kubwa mno, kila moja ikiwa na mashimo mawili: bendera nyeupe kwa wanaokwenda, nyekundu kwa wanaorudi. Jumlisha namba za jozi yoyote, la 2 na la 16, la 5 na la 13, utapata 18.

Hata hivyo, roho ya uwanja ni shimo la 17. Banka imekaa mbele ya grini, barabara na ukuta wa mawe viko nyuma yake. Mwaka 1978 Mjapani Tommy Nakajima alifika grini kwa mapigo mawili tu. Akausukuma mpira taratibu, ukaviringika hadi bankani. Alimaliza shimo hilo kwa mapigo 9.

Klabu, pamoja na ukuu wake wote, haimiliki uwanja huu. Ni mali ya umma: hati ya mwaka 1552 ilikwisha kutambua haki ya wenyeji kucheza hapo. Wanawake, kwa upande wao, walisubiri hadi 2014 ndipo klabu ikakubali kuwapa uanachama, kuchelewa kusikokuwa na utetezi.

Ukifika St Andrews bila fimbo wala pesa za kuchezea, nenda Jumapili. Siku hiyo kwa kawaida hakuna mchezo, na yeyote anaruhusiwa kutembea uwanjani bure.