INTANETI YAKAWIA NYUMBANI: TUCHUNGUZE KABLA YA KULAUMU

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad s.a.w., napenda kuwasimulia ndugu zangu Waislamu, wazee na vijana, kosa nililolifanya mimi mwenyewe. Maana mwenye kulificha kosa lenye mafunzo huwanyima wenziwe faida yake.

Nalikuwa na mwanafunzi wa miaka 9, mtoto wa jamaa zetu walioko London. Wazazi wake walinitaka nimsomeshe Qur'ani kwa intaneti kila Jumamosi baada ya Alasiri, nami niko nyumbani kwangu Mji wa Kale, Mombasa. Kila mwalimu ajua kwamba Qur'ani haisomeshwi kwa msahafu peke yake. Husomeshwa kwa mdomo na sikio: mwalimu hutamka, mwanafunzi hufuatisha, na akikosea husimamishwa papo hapo. Basi hiyo "papo hapo" ndiyo iliyotupotea. Nikimwambia "Rudia," mtoto huendelea kana kwamba hakusikia, kisha husita ghafula katika aya nyingine isiyo na kosa. Nikimwuliza ghunna yake iko wapi, hunyamaza. Nikiuliza mara ya pili, naye ndipo huanza kulijibu swali la kwanza, maneno yetu yakagongana.

Nilimdhania ukaidi. Siku moja nikamkemea mbele ya mamake. Jumamosi iliyofuata mtoto hakuja. Mamake akaniarifu kwa upole kwamba amelia usiku, na asema hataki tena kusoma, kwa kuwa kila analofanya Maalimu haridhiki nalo.

Kisha nikaigeukia kampuni inayotuletea intaneti. Nikawaandikia barua ya ukali, na juu ya hayo nikanunua kifurushi kikubwa kuliko cha kwanza. Fedha zikaenda, kukawia kukabaki. Mwisho akanijia kijana mmoja niliyemsomesha utotoni, ambaye leo kazi yake ni kutengeneza kompyuta. Akanisikiliza, kisha akaniuliza kwa adabu: "Maalimu, umepima?" Nikawa sina jawabu.

UPANA SI UPESI

Jambo la kwanza alilonifahamisha ni kuwa watu wengi huchanganya mambo mawili. Wauzaji wa intaneti hutuuzia upana wa njia, yaani wingi wa vitu vinavyoweza kupita kwa wakati mmoja. Lakini muda unaochukuliwa na neno moja kufika upande wa pili, na jawabu lake kurudi, ni jambo jingine. Muda huo hupimwa kwa milisekunde, na sekunde moja ina milisekunde 1,000.

Tazameni feri ya Likoni. Ukileta feri kubwa zaidi, itavusha magari mengi zaidi kwa safari moja, lakini safari yenyewe haitakuwa fupi kwa sababu hiyo. Kwa hivyo mimi niliyenunua kifurushi kikubwa nalinunua feri pana, hali shida yangu ilikuwa muda wa kuvuka.

Ama umbali wenyewe, nao una haki yake. Nuru hupita katika nyuzi za kioo za kebo za baharini kwa kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde. Tukikadiria njia ya Mombasa hata London kuwa ni kilomita 10,000 chini ya bahari, sauti itachukua milisekunde 50 kwenda na 50 kurudi, na mitambo ya njiani itaongeza kidogo. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu, ITU, umesema kuwa kukawia kusikozidi milisekunde 150 kwa upande mmoja hakuharibu mazungumzo. Kabla ya mwaka 2009, ambao kebo kubwa za baharini zilifika Mombasa, intaneti yetu ya kwenda ng'ambo ilitegemea setilaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 36,000, na kwenda na kurudi peke yake kulichukua karibu nusu sekunde. Leo bahari si mshitakiwa wa kwanza.

UCHUNGUZI WA HATUA KWA HATUA

Kijana akasema: "Tuanze karibu, twende mbali. Na kila mara tubadilishe jambo moja tu, tupate kujua lililoleta tofauti."

Hatua ya kwanza ni kuipima ruta, yaani kile chombo kinachogawa intaneti nyumbani. Katika kompyuta huandikwa neno ping, kisha anwani ya ruta, ambayo aghalabu ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na mara nyingi imebandikwa chini ya chombo chenyewe. Kompyuta hutuma salamu ndogo, ikahesabu muda wa kuitikiwa. Ndani ya nyumba jawabu yafaa kurudi kwa milisekunde chache tu. Chumbani mwangu, kwa Wi-Fi, likarudi mara kwa 40, mara kwa 300. Akatandaza waya kutoka kwenye kompyuta hata kwenye ruta, akapima tena: 1. Nikastaajabu. Ruta ilikuwa sebuleni, na baina yake na mimi mna kuta mbili nene za mawe ya matumbawe, ambazo wazee wetu walizijenga kuzuia joto, nazo zazuia mawimbi vilevile. Tena mawimbi ya 2.4 GHz hushirikiwa na ruta za majirani na hata majiko ya microwave. Yale ya 5 GHz yana nafasi zaidi, lakini hayapenyi ukuta vizuri. Kwa nyumba kama zetu, waya ndio dawa. Na asiyeweza waya, aisogeze ruta au asogee yeye.

Hatua ya pili ni kupima nje ya nyumba, kwa waya, hali hapana mwingine anayetumia. Tulipima anwani 8.8.8.8 ya kampuni ya Google, jawabu likarudi kwa 20 hivi. Tukakaa tukitazama. Ilipofika saa kumi na nusu, saa ile ile ya darsa yangu, hesabu ikapanda: 200, 500, 900. Kijana akauliza ni nani aliyeingia nyumbani. Alikuwa mwanangu, amerudi kutoka mpirani, na simu yake kila ikiuona mtandao wa nyumbani huanza yenyewe kupakia picha na video za siku kwenda kuhifadhiwa mbali.

Hii ni ile foleni ya Likoni. Ruta nyingi zina ghala ya kuwekea mizigo inayosubiri kupita, na ghala ikiwa kubwa mno, malori ya video hujipanga mbele, na sauti ya mtoto, iliyo ndogo kama mwenda kwa miguu, husimama nyuma yao. Hakipotei kitu, lakini kila kitu chafika kimechelewa. Jim Gettys, bingwa wa kompyuta wa Marekani, aliwazindua watu juu ya tabu hii miaka ya 2010 na 2011, na baada yake ruta nyingine zimewekewa utaratibu wa kupanga foleni kwa uadilifu, mdogo asikandamizwe na mkubwa. Mwenye ruta ya namna hiyo auwashe utaratibu huo. Asiyekuwa nayo, apange nyakati: tulikubaliana na mwanangu kuwa simu yake ipakie usiku, baada ya watu kulala.

Hatua ya tatu ni ya yule ambaye nyumba yake imetulia, atumia waya, na bado akawia. Huyo sasa ana haki ya kuiendea kampuni, na aende na hesabu, asiende na ghadhabu: siku gani, saa ngapi, milisekunde ngapi. Ikiwa kukawia huja jioni tu, yaelekea foleni iko katika njia inayoshirikiwa na mtaa. Amri ya tracert katika Windows, au traceroute katika kompyuta nyingine, huonyesha vituo vya njiani kimoja kimoja. Lakini tahadharini: kituo cha kati kikionyesha muda mrefu, na vilivyo mbele yake vyaonyesha mfupi, hicho hakina kosa, kinashughulika na kupitisha mizigo ya watu, na kuitikia salamu yako kimekuweka nyuma. Kosa ni pale muda unapopanda ukabaki juu mpaka mwisho. Hakimu hahukumu kwa shahidi mmoja.

Na ziko siku ambazo kosa huwa baharini kweli. Mwezi wa Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na Kenya na Tanzania zikaathirika. Siku kama hiyo hapana la kufanya ila kusubiri mafundi, na kumwahirishia mwanafunzi kwa maneno mazuri.

LILILOBAKI

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, tumefundishwa kuichungua khabari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukamdhuru asiye na kosa. Nimeisomesha aya hiyo miaka mingi, na sikudhani kuwa yanihusu mbele ya kompyuta. Masikio yangu yaliniletea khabari kwamba mtoto ni mkaidi, nikaisadiki.

Niliiandikia kampuni barua ya pili kuiondoa ile ya kwanza. Kisha nikamwomba mamake amwite mtoto, nikamwambia kwa uwazi kwamba kosa lilikuwa nyumbani kwangu, na kwamba nimemdhulumu, anisamehe. Hakusema neno, nami safari hii nikangoja. Baada ya kitambo akauliza: "Tuanze pale tulipokomea?" Tukaanza pale pale.

Enyi wazazi, mkimwona mwana amezubaa mbele ya darsa ya mbali, pimeni kwanza njia yenu. Nanyi vijana mnaozijua elimu hizi, wasaidieni wazee wenu kwa upole, kama alivyonisaidia kijana yule. Ana thawabu kwa kila herufi isomwayo kwa sababu yake, inshallah.

Mwenyezi Mungu atujaalie subira na uadilifu. Wabillahi tawfiq.