Kitasa cha Namba Mlangoni: Mambo ya Kujua Kabla Fundi Hajatoboa Ukuta

Mkazi wa Mwenge si mgeni wa vitufe vya namba. Kwa miaka mingi amekuwa akiingiza tarakimu 20 za LUKU ili taa ziwake, na kila anapotuma fedha kwa simu huandika namba yake ya siri. Siku hizi vitufe hivyo vimehamia mlangoni. Katika nyumba za kupanga zinazopokea wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika ofisi za ghorofani kando ya Barabara ya Sam Nujoma na katika baadhi ya maduka, kibao kidogo chenye namba 0 hadi 9 kimeanza kuchukua nafasi ya rundo la funguo.

Sababu yake inaeleweka. Nyumba yenye vyumba kumi na geti moja huhitaji funguo kumi za geti. Mpangaji mmoja akihama, mwenye nyumba hana njia ya kujua ufunguo ule ulichongwa mara ngapi kabla ya kurudishwa. Kubadili kitasa na kuchonga funguo nyingine kumi ni gharama, kwa hiyo mara nyingi halifanyiki, na nyumba huendelea kulindwa na kitasa ambacho funguo zake hazina idadi inayojulikana. Kwa kibao cha namba, haki ya aliyehama kuingia hufutwa katika muda usiozidi dakika moja.

Hata hivyo, ubora wa mlango wa namna hii hauonekani siku unapofungwa, umeme ukiwapo na fundi akiwa amesimama pembeni. Huonekana siku umeme unapokatika, na siku mpangaji anapohama.

Mfumo wenyewe si wa kutisha. Nje hukaa kibao cha namba. Kwenye mlango au fremu hukaa kitasa kinachoendeshwa kwa umeme. Ndani hukaa chanzo cha umeme, ambacho hupunguza umeme wa nyumba wa volti 230 kuwa volti 12, pamoja na betri ya akiba. Karibu na mlango, upande wa ndani, huwekwa kitufe cha kutokea. Mtu akiingiza namba sahihi, kibao hugeuza swichi ndogo ya ndani iitwayo rilei, na rilei hiyo hukata au kupeleka umeme kwenye kitasa kwa sekunde chache.

Maneno hayo mawili, kukata au kupeleka, ndiyo yenye uzito wote, na ndiyo ambayo mnunuzi huuliza mara chache dukani.

Kitasa cha sumaku hushikilia mlango kwa nguvu ya umeme. Kwenye fremu hufungwa sumaku, na kwenye mlango hufungwa bamba la chuma. Sumaku ya kawaida ya mlango mmoja hutangazwa kuwa na nguvu ya kushikilia kiasi cha kilo 280, na kwa mkono wa mtu huo ni ukuta. Lakini umeme ukikatika nguvu hiyo hutoweka papo hapo, na mlango hufunguka kwa kusukumwa na mtoto. Aina ya pili hubadilisha kile kipande cha kwenye fremu kinachopokea ulimi wa kitasa cha kawaida. Umeme ukipelekwa, kipande hicho hulegea na kuuachia ulimi. Umeme ukikatika, kwa aina inayouzwa zaidi, hubaki kimekaza, na anayekuja kutoka nje hulazimika kutumia ufunguo. Aliye ndani hukizungusha kitasa kwa mkono na kutoka kama siku zote. Ipo na aina ya tatu, ambayo husukuma komeo la chuma hadi ndani ya fremu. Baadhi ya makomeo hayo, umeme ukikatika, hubaki yamefungwa pande zote mbili.

Aina hiyo ya mwisho haifai kwa mlango wa makazi isipokuwa kuna njia ya kuifungua kwa mkono kutoka ndani. Nyumba nyingi za jiji hili zina nondo madirishani kwa sababu ya wezi, na mlango mmoja ndio njia pekee ya kutokea. Moto unaoanzia kwenye jiko la gesi au kwenye waya uliozidiwa mzigo mara nyingi huambatana na umeme kukatika, ama kwa sababu swichi kuu imejizima au kwa sababu mtu ameizima. Mtu aliye gizani katika moshi hawezi kutafuta namba. Kwa hiyo kanuni inayopaswa kuongoza ununuzi wote ni moja: kutoka ndani kusihitaji namba, na kusihitaji umeme.

Kwa kitasa cha sumaku, kanuni hiyo hutimizwa kwa kuunganisha kitufe cha kutokea ili kikate moja kwa moja waya unaopeleka umeme kwenye sumaku. Mafundi wengi hukiunganisha na kibao pekee, kwa kuwa ndivyo mchoro wa kwenye boksi unavyoonyesha. Kibao kikiharibika kwa mvua, na kitufe nacho hufa, huku betri ikiendelea kushikilia mlango. Katika nyumba ya wapangaji wengi inafaa kuongeza kitufe cha dharura, kile cha rangi ya kijani chenye kioo chembamba cha kusukuma, ambacho hukata umeme wa sumaku na kuuacha umekatika mpaka mtu akirudishe.

Kwa duka mambo hugeuka. Hapo usiku hakuna mtu ndani, na hofu ni ya mwizi. Sumaku ya volti 12 hutumia takribani nusu ampea muda wote mlango unapokuwa umefungwa. Betri mpya ya ampea-saa 7, ambayo ndiyo huwekwa katika mifumo mingi, huweza kuibeba kwa karibu saa kumi na mbili, na ikihesabiwa pamoja na matumizi ya kibao, kumi. Duka likifungwa saa 2 usiku na umeme ukakatika saa 3, betri mpya huenda ikafika saa 1 asubuhi. Betri iliyokaa miaka mitatu katika joto la Dar es Salaam na kupoteza nusu ya uwezo wake itaishia saa 8 usiku, na mlango utakuwa wazi bila mtu kuuvunja. Mgawo wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023 haujasahaulika. Ni kweli kwamba Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha umeme Februari 2024 na hali imebadilika, lakini nguzo bado huanguka, laini bado hufanyiwa matengenezo, na LUKU huisha usiku wa manane. Mwenye duka anayetaka sumaku kwa urahisi wa mchana asiondoe kufuli na komeo la usiku.

Mlango wenyewe nao una usemi. Mlango wa mninga uliotulia vizuri mwezi Januari unaweza kuvimba wakati wa masika, na bamba lililokuwa likikaa sawasawa kwenye sumaku likapishana nayo kwa unene wa shilingi. Sumaku isiyogusa bamba lote hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Ndiyo maana bamba hufungwa kwa skrubu yenye mpira katikati, ili licheze kidogo na kujipanga lenyewe. Fundi anayelikaza bamba kabisa mpaka lisitikisike anadhani anafanya kazi nzuri.

Kuhusu kibao cha nje, jambo la kuuliza ni rilei iko wapi. Katika vibao vingi vya bei nafuu, rilei imo ndani ya kibao chenyewe, upande wa barabarani. Anayekifungua kibao kwa bisibisi hukutana na nyaya za kitasa, na hahitaji namba yoyote: hugusanisha mbili, au hukata moja kama kitasa ni cha sumaku, na kuingia. Vipo vibao vinavyopeleka namba tu kwenye kisanduku kilichowekwa ndani ya nyumba, na uamuzi wa kufungua hufanyika humo. Bei yake iko juu kidogo, na kwa mlango unaotazama njia ya wapita njia tofauti hiyo ni halali. Kibao chochote cha nje kiwe cha aina inayozuia maji na kiwekewe kipaa kidogo, kwa kuwa unyevu na hewa ya chumvi ya pwani hula viungo vya waya hata pasipo mvua.

Kwenye rilei kuna vituo vitatu vilivyoandikwa COM, NC na NO. Waya wa umeme wa sumaku hupita COM na NC, yaani njia iliyo wazi kwa umeme mpaka namba sahihi iikate. Kitasa cha aina ya pili hupita COM na NO. Kuvikosea vituo hivi ndiko kunakofanya mlango ufunguke muda wote na kujifunga mtu anapoingiza namba, kasoro ambayo wengi huidhania kuwa ni ubovu wa kibao. Sambamba na kitasa huwekwa diodi ndogo, kwa mfano 1N4007, mstari wake ukielekea upande wa chanya. Kazi yake ni kumeza mshtuko wa umeme unaorudi kila sumaku inapozimwa, ambao pasipo diodi hiyo huila rilei kidogo kidogo mpaka ikwame. Diodi hiyo ni miongoni mwa vitu vya bei ya chini kabisa katika kazi nzima, na aghalabu ndiyo inayosahauliwa.

Upande wa volti 12 hauui mtu. Upande wa volti 230 unaua, na aliyeushika anapaswa kuwa fundi mwenye leseni ya kufunga mifumo ya umeme inayotolewa na EWURA. Mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona kabla kazi haijaanza.

Baada ya nyaya hufuata kupanga namba, kazi ambayo mwenye nyumba anaweza na anapaswa kuifanya mwenyewe. Kibao hutoka kiwandani kikiwa na namba kuu, ile inayofungua mipangilio. Mara nyingi ni 123456, 888888 au nyingine ya namna hiyo, na imechapishwa katika karatasi ya maelezo ambayo mtu yeyote aliyenunua kibao cha aina hiyo anayo. Katika vibao vingi mtu huingia kwenye mipangilio kwa kubonyeza nyota, namba kuu, kisha reli, kama anavyofanya kwenye huduma za fedha za simu, na hatua ya kwanza kabisa ni kuibadili namba hiyo fundi akiwa hatazami. Kisha kila mtumiaji hupewa nafasi na namba yake: nafasi ya 1 kwa chumba cha kwanza, ya 2 kwa cha pili, na kuendelea. Vitufe vya kubonyeza hutofautiana kati ya aina na aina, hivyo karatasi ya maelezo ihifadhiwe pamoja na hati za nyumba.

Nyumba nyingi huishia kutumia namba moja kwa wote kwa kuwa ni rahisi. Kwa kufanya hivyo hurudi palepale zilipokuwa na funguo, kwa maana mpangaji mmoja akihama ni lazima wote tisa waliobaki wafundishwe namba mpya, na usumbufu huo hufanya isibadilishwe. Namba ya LUKU ikishatumika mara moja imekufa. Ya mlangoni huishi mpaka mtu aifute. Daftari dogo lenye orodha ya nafasi, jina na tarehe ya kuhamia latosha, bila kuandika namba zenyewe, kwa kuwa ili kumfuta mtu katika vibao vingi huhitajika nafasi yake tu. Mlinzi, msaidizi wa kazi za nyumbani na fundi wa muda nao wapewe nafasi zao, zifutwe kazi inapokwisha.

Namba ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000. Lakini vitufe huchakaa. Baada ya mwaka mmoja wa namba moja kwa wote, vitufe vinne hung'aa au hufutika kuliko vingine, na anayevitazama ana mpangilio 24 tu wa kujaribu. Ajabu ni kwamba namba inayorudia tarakimu moja, ikaacha alama kwenye vitufe vitatu, humpa mpangilio 36. Kila mpangaji akiwa na namba yake, uchakavu husambaa kwenye kibao chote na alama hizo hupoteza maana. Kibao kinachojifunga kwa dakika kadhaa baada ya makosa mengi mfululizo ni bora zaidi, ingawa mipangilio hiyo mara nyingi huja ikiwa imezimwa na huhitaji kuwashwa. Mwaka wa kuzaliwa usitumike, wala namba ya nyumba iliyobandikwa wakati wa Operesheni ya Anwani za Makazi mwaka 2022, ambayo iliwekwa pale ili kila mtu aisome.

Kabla ya kumlipa fundi salio lake, mwenye nyumba azime swichi kuu na ajaribu kutoka. Kisha aingie ndani tena, achomoe waya wa betri, na ajaribu kutoka mara ya pili. Jaribio la kuzima swichi kuu lirudiwe kila baada ya miezi sita, na saa ambazo betri imedumu ziandikwe katika daftari lilelile. Zikishuka chini ya nusu ya zile za mwanzo, betri ibadilishwe.

Wenye hosteli na majengo ya biashara wanakumbushwa kwamba Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hukagua tahadhari za moto katika majengo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2007, na njia za kutokea ni sehemu ya ukaguzi huo. Ushauri wa kitaalamu huombwa katika ofisi za Jeshi hilo. Namba 114 ni ya dharura pekee.